Mama Methali Akosa la Kusema

Mimi ni msusi, na msusi asiye na mdomo afadhali afungue bucha. Mteja akikaa kwenye kiti changu anakaa muda mrefu, shingo kaiinamisha, hana pa kukimbilia, na muda wote huo lazima aambiwe kitu. Wasusi wengine huwapa wateja wao umbea. Mimi nilikuwa nawapa methali. Mume kahama? Baada ya dhiki faraja. Mtoto kafeli? Subira huvuta heri. Mama mkwe mkorofi? Za mama mkwe peke yake ninazo nyingi, na baadhi yake hazifai kusemwa mbele ya watoto. Watu walitoka kwangu wamesukwa na wamefarijika, na hiyo faraja sikuwahi kuitoza.

Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba moyo wangu ni mzima, ila kuna jambo linalonikaba, nilimcheka. Nilikwenda kwake kwa sababu usingizi ulikuwa umenihama, na asubuhi nikiinua mikono kusuka, kifua kilikuwa kinakaza kama kimefungwa kamba. Alinipima kwa mashine zake zote, asione kitu. Akaniuliza kama kuna tatizo nyumbani. Nikasema hakuna. Akaendelea kunitazama, maana daktari yule ana macho ya ukaidi, mpaka nikajikuta nasema kwamba binti yangu haongei nami.

Mtu angetusikia tukiwa kazini angeniona mwongo. Binti yangu, mwanangu wa pekee, alikuwa anasuka saluni moja nami, kiti chake kando ya changu, vioo vyetu vimepakana ukutani. Asubuhi aliniamkia vizuri. Mchana aliniambia nimpe chanuo, mteja wangu kafika, shampuu imekwisha. Jioni aliaga, akaenda kwake kwa mumewe. Lakini tangu alipopoteza mimba, na ilikuwa mimba kubwa, nguo za mtoto zimeshafuliwa na kukunjwa, hakuwahi kuniambia neno lenye kitu ndani yake. Na sasa walikuwa wanahama, yeye na mumewe, wanakwenda kufanya kazi mji mwingine mwisho wa mwezi. Habari hiyo hakunipa yeye. Nilipewa na mteja, nikiwa katikati ya kumchana.

Watoto huhama, hilo si msiba. Nilichoogopa ni kwamba ataondoka na ukimya wake kwenye sanduku. Nilijua akiondoka nao ndio basi, atanipigia simu sikukuu, ataniuliza hali, nitasema nzuri, naye atasema nzuri, mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Nilikuwa nampoteza mwanangu huku nimesimama naye bega kwa bega, na sikujua nimekosea wapi.

Daktari akaniandikia niende kwenye kikundi. Nilidhani ni kikundi cha akina mama cha kufuma vitambaa, nikasema sawa. Kumbe ni watu wanaokaa duara kila Jumatano alasiri na kuzungumza yanayowasibu, katika chumba cha nyuma ya zahanati ambacho zamani kilikuwa cha kupigia pasi mashuka. Meza ndefu ya pasi bado imeegemezwa ukutani, na siku za joto chumba kinatoa harufu ya wanga. Viti ni vya plastiki. Feni inazunguka ikilalamika.

Aliyetuongoza tulimwita Mshauri. Mwanamke mwembamba, rika la binti yangu, ambaye alikuwa hasemi. Siku ya kwanza nilidhani anaumwa koo. Alitoa masharti mawili tu. La kwanza, yanayosemwa mle hayatoki, na haya ninayokusimulia nimeruhusiwa na wenyewe. La pili, ukiwa na neno juu ya mwenzako, mwambie yeye, mlemle ndani, na si njiani mkienda nyumbani. Hilo la pili nililidharau. Nani asiyeweza kusema?

Wenzangu walikuwa watatu. Mwalimu, mzee mstaafu aliyefundisha hesabu maisha yake yote, amefiwa na mkewe. Mhasibu, dada mmoja nadhifu anayeomba radhi hata akipiga chafya. Na Dereva wa gari la wagonjwa, kijana wa mabega mapana, aliyekuwa anakaa kiti cha karibu na mlango, anasikiliza kikao kizima, kisha anaaga na kuondoka.

Nikajiona nimefika nyumbani. Watu wana shida, wamekaa kwenye viti, hawana pa kukimbilia. Nilianza kazi palepale. Mhasibu akieleza jinsi bosi wake anavyomfokea, namwambia mvumilivu hula mbivu. Akisema amechoka kuvumilia, ninayo nyingine. Dereva ndiye aliyenipa jina la Mama Methali, nikalipokea kama cheo. Nilikuwa nawaonea huruma watu wale, nao walikuwa wananichekea, na moyoni nikajisemea kwamba huyu Mshauri angekuwa na akili angeniachia kiti chake.

Jumatano moja Mwalimu alizungumza. Alisema tangu wamzike mkewe hajalala chumbani kwao. Analala kwenye kochi sebuleni. Asubuhi huingia chumbani kuchukua shati, akiwa amebana pumzi kama mtu anayepiga mbizi, anatoka, anafunga mlango. Wanawe wakipiga simu anawaambia analala vizuri. Aliyasema hayo polepole akitazama viatu vyake, na kila baada ya sentensi alikuwa anatua kidogo. Katika kutua kwake kumoja nikaona nafasi.

"Mwalimu," nikamwambia, "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Watu wakacheka kidogo. Mwalimu naye akacheka, akasema kweli Mama, akafunga vifungo vya koti lake. Nilirudi nyumbani siku ile nikijiona nimeponya mtu.

Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata hiyo alikuja, akakaa, na kabla Mshauri hajatusalimu akasema ana neno na mimi. Mikono alikuwa ameibana katikati ya magoti.

"Mama, siku ile nilikuwa sijamaliza," akasema. "Nilikuwa nakaribia kusema jambo ambalo sijamwambia mtu. Kwamba mke wangu aliniita siku ile aliyofariki, nami nikadhani ananiita chai imeiva, nikamjibu nakuja, nikaendelea na gazeti langu. Hilo ndilo linalonikalisha kwenye kochi. Nilikuwa nimefika mlangoni pake, wewe ukanifungia. Ulinifungia kwa adabu, lakini ulinifungia."

Damu ilinipanda kichwani. Nilimwambia mimi nimewafariji watu wakubwa kuliko yeye, nimefariji wajane na wake wa wenye vyeo, na hakuna aliyewahi kunilalamikia. Nikasema kama maneno ya wazee siku hizi ni matusi, basi samahani sana, nyumba yenu hii, kaeni nayo. Nikainuka, nikavuta mkoba wangu. Mshauri akasema kwa utulivu kwamba nikiondoka muda ule hatutajua ni nini kilichoniuma. Nilikaa, lakini nisijisifu bure, nilikaa kwa sababu mkanda wa mkoba ulikuwa umenasa kwenye mguu wa kiti.

Nikawageukia wenzangu wanitetee. Mhasibu akaanza kwa kuomba radhi, kama ilivyo desturi yake, halafu akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Dada, mimi ukianza methali najua zamu yangu imekwisha," akasema. "Nanyamaza, nakwenda kulia garini."

Dereva akakuna kidevu. Alisema methali zangu zinamfurahisha, huwa anawasimulia wenzake kazini. Ila alikuwa amejiuliza mbona yeye hajawahi kusema kitu mle ndani, na sasa anadhani anaogopa kupewa moja.

Mshauri akaniuliza swali, na swali lenyewe lilikuwa fupi. Aliniuliza kama nje ya chumba kile kuna mtu mwingine aliyeacha kuniambia mambo yake.

Nilifungua mdomo nijibu. Wallahi methali ilikuja, ikakaa kwenye ncha ya ulimi, ikaniacha peke yangu. Nilichokiona ni vile vioo viwili ukutani, na uso wa mwanangu kwenye kioo chake, umeinama, hauinuki hata ninapopiga hadithi mpaka wateja wote wanashika mbavu. Basi nikalia. Sikulia kama watu wanavyolia kwa staha, nililia kwa kukoroma, na makamasi juu. Na hakuna aliyeniambia kitu. Mwanzoni niliwaona makatili. Kisha nikaanza kuelewa kwamba wananingoja nimalize, na kwamba sikumbuki ni lini mtu alinisubiri nimalize kulia.

Kwa kweli hakuna cha kukumbuka, maana sikuwahi kusubiriwa. Nilipotulia niliwasimulia jinsi mama yangu alivyofariki nikiwa msichana mdogo. Nilikuwa nimejikunja nyuma ya mlango, shangazi akanikuta, akaniambia machozi ya mtoto humchelewesha maiti njiani, akanipa ufagio nikafagie ua kabla watu hawajajaa. Shangazi hakuwa mbaya. Alikuwa anaogopa, nyumba nzima inamtegemea yeye, na akiniacha nilie, naye angeanguka. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hivyo mpaka niliposikia mdomo wangu ukilisema. Mshauri akaniuliza, je mimi naogopa nini mtu akilia mbele yangu? Nikamjibu naogopa hivyohivyo.

Halafu akamgeukia Mwalimu, akamwuliza ni lini mara ya mwisho alimwambia mtu kwamba amemkosea. Mzee wa watu alifikiri muda mrefu kama aliyepewa hesabu ngumu. Akasema hakumbuki. Nyumbani mkewe ndiye aliyekuwa anagomba kwa niaba ya wote wawili, na tangu afe, yeye amekuwa akimwambia kila mtu salama, mpaka wanawe wamemwamini.

"Umenisaidia, Mama," akaniambia. "Umenikasirisha."

Nikamwambia kazi hiyo naifanya vizuri sana, aulize wenzangu wa saluni. Tukacheka, na safari hii kicheko hakikumfunga mtu mdomo. Baadaye alitueleza kwamba alimpigia simu mwanawe mkubwa akamwambia ukweli, na huyo mwana akaja na begi dogo, wakakisogeza kitanda upande wa pili wa chumba, chini ya dirisha, wakalala humo wote wawili kama wanafunzi wa bweni.

Sikuondoka pale nimekuwa mtu mwingine. Wiki nzima saluni nilikuwa nauma ulimi, na wateja wakaanza kuniuliza kama nina jino bovu. Binti yangu alinitupia jicho mara kadhaa kupitia kioo, akaendelea kusuka. Nami sikujua nianzie wapi. Kunyamaza nilikuwa nimeanza kujifunza, lakini mtu anayenyamaza na mwenzake anayenyamaza hawajaongea bado.

Dereva ndiye aliyenipa moyo, bila kujua. Jumatano iliyofuata alivuta kiti chake kutoka mlangoni, akakileta ndani ya duara, akatusimulia habari ya mgonjwa aliyemfia njiani, mama mmoja aliyekuwa anamsemesha kupitia kidirisha, anamwuliza, mwanangu, tumefika? Naye anamwambia tunakaribia, mama, tunakaribia. Mpaka sauti ikakatika. Alisema tangu siku hiyo neno hilo, tunakaribia, halimtoki mdomoni, hata mkewe akimwuliza atafika saa ngapi. Mimi methali zilikuwa zimepanga foleni kooni. Nikazimeza zote. Kifua kilibana, nikadhani nazimia mbele za watu. Na nilipokosa cha kusema, nilisikia huruma ya kweli, ile inayouma, na machozi yakanitoka kwa ajili ya kijana yule na mama yule nisiyemjua. Dereva akaniona.

"Ahsante, Mama," akasema.

Sikuwa nimempa chochote. Niliondoka nikitafakari hilo, na nikagundua kifua kimelegea bila dawa.

Siku chache kabla ya binti yangu kuhama, mvua kubwa ilinyesha na umeme ukakatika. Mashine za kukaushia nywele hazikuwa na kazi, na wateja hawakuja. Tulikuwa wawili tu. Yeye alikuwa anaosha machanuo kwenye beseni, mimi nakunja taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Nilianza vibaya. Nilimwuliza kama wameshafunga mizigo, akasema bado kidogo. Nikamwuliza kama huko wanakokwenda kuna mvua, akasema hajui. Hapo ningeweza kuacha, na zamani ningeacha, nikatupia mzaha mmoja, tukaendelea kuosha machanuo mpaka siku ya safari.

"Mwanangu," nikasema, "nimeambiwa nawaziba watu midomo. Nilikasirika, lakini nadhani ni kweli. Kuna kitu nilikuambia ulipotoka hospitali. Sikikumbuki. Naomba unikumbushe."

Alitoa mikono majini, akaifuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja, bila kunitazama.

"Hukumbuki kweli?"

"Sikumbuki."

Akacheka, kicheko kisicho na raha. "Mimi nakikumbuka kila nikikuona. Nilikuwa nimelala, maziwa yananitoka, kanga imelowa kifuani, na mtoto wa kunyonya hayupo. Ukaja ukakaa ukingoni mwa kitanda. Ukaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Ni methali nzuri ile. Nimewapa waliofukuzwa kazi, nimewapa waliofeli mitihani, na wote walinishukuru. Koleo likivunjika mhunzi hutafuta lingine, moto uko palepale. Nilijua kabisa nilikuwa na maana gani siku ile, kwamba ungali kijana, utazaa tena, usikate tamaa. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilitaka kumwambia pia kwamba nami nilikuwa nimechanganyikiwa, sijala tangu jana yake, nimekimbizana na ndugu na sufuria za chai. Yote hayo yalikuwa kweli.

"Mama," akasema, "mwanangu hakuwa koleo."

"Hakuwa koleo," nikasema.

Akangoja. Ananijua, alikuwa anangoja kipande cha pili, lile neno langu la "lakini". Mvua ilikuwa inapiga bati. Kifua kilinibana kama siku ile ya Dereva, na nikauacha ukimya ukae.

"Ndiyo hivyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hivyo tu. Nisamehe, mwanangu. Nilikufunga mdomo ukiwa na jeraha bichi. Sasa nimekaa, sema yote, sitakukatiza."

Alinitazama kwanza kama anayemtazama mgonjwa. Akasema nisidhani nikiomba radhi watabaki, kazi ya mumewe iko kule, watahama tu. Nikamwambia najua, mtahama. Jibu hilo likamshangaza kuliko msamaha wenyewe. Akaja akakaa kwenye kiti changu, kile cha wateja, akaegemea kama mtu aliyetembea sana.

Akaniambia muuguzi alimfunga mtoto kitambaa cheupe, akampa ampakate. Mumewe alikuwa nje anashughulikia gari. Sisi ndugu tulikuwa kwenye korido tunapanga nani alale wapi na nani apike. Kwa hiyo alimpakata peke yake, akamtazama peke yake, akamrudisha peke yake. Alikuwa wa kike. Na tangu siku hiyo kila mtu alimwambia atapata mwingine, jirani, mashemeji, mimi, hata muuguzi mwenyewe, lakini hakuna aliyemwuliza huyu aliyempata alikuwaje.

"Ni kama mimi peke yangu ndiye niliyemwona, Mama. Nikimsahau mimi, basi hakuwahi kuwapo."

Nililia, na sikujificha. Nikapiga magoti mbele ya kiti, magoti yangu haya ya kusimama mchana kutwa yakalalamika, nikamshika mikono ikiwa bado ina ubaridi wa maji.

"Alikuwaje?" nikamwuliza. "Mjukuu wangu alikuwaje?"

Uso wake wote ukafunguka, uso ambao sikuuona tangu mimba ile ilipokuwa tumboni.

"Alikuwa na nywele, Mama. Nyingi, huwezi kuamini."

"Nywele gani?"

Alitoa mikono yake kwenye mikono yangu, akanivua kilemba taratibu, akapitisha vidole kichwani mwangu mpaka nyuma ya masikio, akatafuta mahali penyewe.

"Nyeusi tii, na laini," akasema. "Halafu hapa, zilikuwa zimejikunja. Hapa."